Ndege Isiyopiga Hodi

Usiku mmoja nilikuwa nazunguka kwenye picha za angani za Unguja zilizowekwa wazi mtandaoni, nikaamua kuitafuta nyumba ya shangazi yangu. Haikunichukua muda. Nilifuata barabara, nikakata kwenye msikiti, nikahesabu minazi. Nikauona ua wake: kisima, banda la kuku, kamba ya nguo, na juu ya kamba vipande viwili vya rangi ambavyo ningeapa ni kanga. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikajisikia vibaya, kama mtu aliyechungulia.

Asubuhi nikampigia. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za watu wote wa nyumbani, nikamweleza nilichokiona. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza mambo mawili bila kupumua katikati.

"Sasa mie naonekana?" Na kabla sijajibu: "Na mpaka wa shamba, unaonekana?"

Nimekaa na maswali hayo wiki kadhaa. La kwanza linaogopa kuonekana, la pili linatamani kuonekana, na yote yametoka kinywa kimoja kwa pumzi moja. Mimi naona hapo ndipo lilipo swali zima la kupima nchi kutoka angani: ni nani mwenye haki ya kutuona kutoka juu, na kwa sharti gani?

Tuanze na kazi yenyewe. Wataalamu wanaiita fotogrametria, yaani kupima kwa kutumia picha. Ndege inapita juu ya nchi kwa mistari iliyonyooka, inapiga picha zinazofunikana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Kufunikana huko ndiyo siri yenyewe. Picha moja haijui kilima wala bonde, kila kitu imekilaza bapa. Lakini ukiutazama mnazi uleule kutoka sehemu mbili, unaonekana umehama kidogo, na kwa kiasi cha kuhama kwake unaweza kukokotoa urefu wake. Macho yetu mawili hufanya hivyo kila siku bila kutuambia. Halafu lazima ziwepo alama ardhini, zilizopimwa na mtu aliyesimama pale kwa miguu yake, la sivyo ramani nzima inaelea.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, mtu aliyekwisha kupima Tanganyika kwa miguu miaka ya 1930. Kikosi cha 82 cha jeshi lao la anga kilipiga picha maeneo makubwa ya Afrika, na kutokana na picha kama hizo zikachorwa ramani za 1:50,000 ambazo wapima ardhi wetu wameendelea kuzitumia miaka mingi baada ya uhuru. Nchi ilionekana yote kabla wenye nchi hawajaiona. Babu zetu walikuwa ndani ya picha, wakiwa mashambani, na ramani ilikuwa kwenye kabati la mtu mwingine.

Mwaka huohuo wa 1946 kulikuwa na safari nyingine ya angani, na hii ina funzo chungu. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kutafuta ardhi ya kulima karanga, na sehemu kubwa ya ukaguzi wake ulifanywa kutoka ndani ya ndege. Kutoka juu, Kongwa ni pori linalosubiri trekta. Kutoka chini ni udongo unaokauka ukawa kama saruji, na mvua ambayo Mgogo yeyote angekwambia usiiamini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Macho ya rubani hayakuwa na kasoro. Ila neno "tupu" halitoki machoni, linatoka kwa mtu aliyeamua kwamba hakuna wa kumuuliza.

Leo mambo yamebadilika, na lazima tuwe wakweli kwamba mengi yamebadilika kwa wema. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupima Unguja na Pemba, zaidi ya kilomita za mraba 2,400, kwa droni ndogo za povu gumu zinazorushwa kwa mkono. Kamisheni ya Ardhi ilihusika, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walijifunza kuzirusha wenyewe. Mwaka mmoja nyuma, Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora mitaro, vichochoro na nyumba za maeneo yanayofurika. Ukijua maji yatapita wapi, unajua nani aamshwe usiku. Mtu asiyeonekana kwenye ramani hapelekewi mtaro.

Lakini ramani hiyohiyo inayomwonyesha mwokoaji nyumba yako inaweza kumwonyesha mbomoaji. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilichorwa X nyekundu, tingatinga likafuata. Sisemi alama hizo zilitoka kwenye picha ya angani. Nasema tu kwamba picha haichagui ni nani ataisoma.

Sasa nirudi kwa shangazi. Swali lake la kwanza nililijibu kirahisi: uso hauonekani. Kwa picha ambazo kila nukta yake ni sentimita kadhaa za ardhi, binadamu ni madoa machache na kivuli. Nilidhani nimemtuliza. Ila ua wa Mswahili haukujengwa kuficha uso tu. Ulijengwa ili mtu awe na mahali pa kuvua kitambaa cha kichwa, kuanua nguo, kulia akitaka kulia. Hiyo ndiyo sitara, na sitara haipimwi kwa nukta. Inavunjwa pale mtu anapoingia bila hodi, hata kama akiingia hakuona kitu. Mimi sikuona kitu usiku ule. Nilichungulia tu, na dhamiri ikanijua.

Swali la pili lilinishinda kabisa. Ua wa miti kati ya shamba na shamba unaonekana, ndiyo. Lakini kwetu ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mnazi ulio juu yake ukawa wa mwingine, kwa sababu yeye au baba yake ndiye aliyeupanda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kuna waliopewa eka tatu, na eka hizo zimekwisha kurithiwa na kugawanywa kwa maneno barazani. Kamera inaona mnazi mmoja. Haioni watu wawili walio ndani yake.

Wasomaji wa riwaya tunamjua msimulizi maizi, yule anayeona kila chumba na kila moyo. Tunamvumilia kwa sababu wahusika wake hawana pa kwenda kulalamika. Watu wa kwenye ramani ni wa kweli, na wana maneno.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Nchi ipimwe, na ipimwe vizuri. Lakini ndege ipige hodi kwanza, kwa sheha na kwa watu, kwa lugha wanayoielewa. Picha irudi kwa waliomo ndani yake, si kabatini. Na wawe na haki ya kusema "hapana, sivyo", kisha ramani ibadilike. Ufundi wenyewe unakiri kwamba jicho moja halitoshi na kwamba bila mtu aliyesimama ardhini hesabu inaelea. Tunachodai ni kwamba huyo mtu wa ardhini asiwe mpima peke yake.

Wiki iliyopita nilimpelekea shangazi picha ile, imechapishwa kwenye karatasi kubwa. Aliigeuza mara mbili mpaka akapata kibla. Akaweka kidole kwenye mstari mweupe nyuma ya shamba, ule nilioudhani ni njia.

"Hii si njia, mwanangu," akasema. "Hapa hupita maji ya masika. Waambie wasije wakamjengesha mtu hapa."