Je, Yafaa Vijana Wasome Hadithi za Wafu?

Katika usharika mmoja wa huku kwetu Bariadi, wakati wa kuvuna pamba, mzee mmoja alitujia jioni, amechukua kitabu kilichofungwa katika gazeti kama mtu aletaye nyama. Alikuwa amekikuta chini ya godoro la binti yake asomaye kidato cha tatu. Akatuambia, "Mchungaji, hiki ni kitabu cha wafu. Watu wamekufa, nao wagombana mbele za Mungu. Nataka kichomwe mbele ya watoto wa kipaimara, ili wengine waogope."

Kitabu chenyewe kilikuwa "Rosa Mistika", kilichotungwa na Euphrase Kezilahabi. Twakiri kwamba jioni ile hatukufanya vema. Tulikumbuka yale maovu yaliyosimuliwa ndani yake, tukamwahidi mzee kwamba Jumapili tutasema juu ya vitabu vya namna hiyo. Kisha akaenda zake. Usiku tukakifungua ili tupate maneno ya kukilaumu, na pembeni mwa kurasa za mwisho tukakuta maneno manne yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa binti: "Na mimi nitasema huko."

Usingizi ukatutoka. Tangu usiku ule tumetafakari maswali mawili, nayo ndiyo tuyaletayo mbele yenu. Je, ni halali mtu kutunga hadithi ya mambo ya ng'ambo ya kaburi, ilhali hakufika huko? Na ikiwa ni halali, je, yafaa kijana aisome?

Juu ya swali la kwanza, wako ndugu wasemao: Mambo ya mbinguni twayajua kwa Maandiko tu, mtu akiongeza yake ni mwongo, hata akiandika kwa ufasaha. Neno hili twaliheshimu, maana latoka katika kumcha Mungu. Walakini tutazame kwanza nyumba tulizozaliwa. Ni nani katika sisi Wasukuma asiyeketi kando ya moto akasikia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na ng'ombe wao, asibaki ila mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha? Mwanamke yule akazaa mtoto mwanamume, naye ndiye Masala Kulangwa. Alipokua alimwuliza mama yake watu wengine wako wapi, na baba yake yuko wapi. Akaenda kulitafuta zimwi lile. Akaua wadudu na wanyama wengi wasio lenyewe, na kila mara mama akamwambia kwamba silo. Hata siku moja akaliua kweli, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima, baba yake miongoni mwao.

Mtoto asikiaye hadithi hii hadhani kwamba aweza kuchukua kisu akaenda makaburini. Ajua ya kuwa ni hadithi. Lakini amejifunza kuuliza, "Watu wetu wako wapi?" Tena amejifunza jambo la pili, ambalo wasimulizi wengine hulipita upesi. Kisu cha Masala Kulangwa kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwamo tumboni. Bibi yule alipotoka hakushukuru, bali alikasirika, akataka kumdhuru aliyemwokoa, hata ikampasa kijana amtafutie dawa. Wazee wetu hawakuwadanganya watoto kwamba kila aokolewaye hutoka bila jeraha. Nao wahubiri wa Injili Usukumani hawakuitupa hadithi hii. Wameitumia kuwaonyesha watu Yeye aliyeishinda mauti kweli.

Na tukitaka kielelezo kilicho kikubwa kuliko hicho, tufungue Luka sura ya 16. Bwana wetu mwenyewe alisimulia habari za tajiri na Lazaro, watu wawili waliokufa, na mazungumzo ya baada ya kufa. Tuangalie alivyoyasimulia. Hakueleza upana wa lile shimo lililokuwa kati yao, wala hakujibu maulizo ambayo sisi tungeuliza. Tajiri aliomba maji, hakupewa. Ndipo akawakumbuka ndugu zake watano waliokuwa bado nyumbani kwa baba yao. Habari yaishia kwa hao watano. Wao ndio walioelekezewa, maana wao bado wanapita mlangoni kila siku, na kila siku waweza kumwona maskini aliyelala pale.

Basi, kipimo tumekwisha kupewa. Hadithi ya wafu ikimfundisha kijana kutafuta siku ya kufa kwake, au kuwauliza waganga habari za marehemu kwa fedha, hiyo ni ya upotevu. Lakini ikimrudisha nyumbani kwa wale ndugu watano, akiona jambo la kutengeneza kabla jua halijatua, hiyo imesema kweli, ijapokuwa watu wake ni wa kubuniwa.

Sasa tukipime kitabu kilichotaka kuchomwa. Kezilahabi si mgeni kwetu. Alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, na ziwa linalokizunguka kisiwa kile ndilo lifikalo Busega katika mkoa wetu wa Simiyu. Alisoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, naye alifariki mwaka 2020. "Rosa Mistika" ilipigwa chapa mwaka 1971. Hapo kwanza ilikatazwa shuleni kwa muda, kisha ikaruhusiwa, na vijana wengi wa sekondari wameisoma darasani na walimu wao. Basi si kitabu kilichoingia nyumbani kwa wizi.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Zakaria, baba mlevi, alimlinda binti yake Rosa kwa ukali mwingi, akampiga vibaya kwa sababu ya barua ya kijana. Binti akakua akiwaogopa wanaume, asifundishwe kuwajua. Alipokwenda masomoni mbali na nyumbani, uzio ukaisha, naye hakuwa na kitu ndani yake cha kumzuia. Akaanguka, akaanguka tena. Mwisho, alipokataliwa na yule aliyetaka kumwoa, akajitoa uhai. Baba naye akafa. Ndipo mwandishi awaleta wote wawili mbele za Mungu, wakashtakiana ni nani mwenye kosa.

Hapo ndipo mzee wetu alipochukizwa, na hapo ndipo sisi tulipochomwa moyo. Nyumbani fimbo ndiyo iliyosema. Neno ambalo binti angalimwambia baba yake jikoni, au shambani wakipalilia, lilingoja mpaka wote wawili wamekufa. Mwandishi hatufundishi ramani ya mbinguni. Atuuliza swali la duniani: Kwa nini Rosa hakuweza kusema na baba yake hapa?

Twaja kwa swali la pili, nalo ni zito. Maana mtu aweza kusema hivi: "Mchungaji, kijana mwenye uchungu akisoma kwamba kifo humfungulia mtu baraza la kumshtaki baba yake, je, hatakitamani kifo?" Hofu hii si ya kipuuzi. Binti yule aliandika maneno yake kwa sababu hiyo hiyo. Aliona mahali ambapo baba hana budi kusikia, naye akataka kwenda huko. Hatuwezi kusema kwamba vitabu havina nguvu. Visingekuwa na nguvu, tusingewapa watoto wetu Biblia.

Lakini tulijiuliza: Tukikichoma kitabu, tumechoma nini? Uchungu hautoki katika karatasi. Binti alikuwa nao kabla ya kukifungua; kitabu kilimpa maneno tu, na maneno yale yakafika machoni petu. Kama tungalikichoma jioni ile mbele ya watoto wa kipaimara, tungaliteketeza barua iliyoandikwa kwetu, tusiisome, na watoto wote wangalijifunza kwamba mtu akiwa na uchungu aufiche vema kuliko binti huyu alivyouficha. Mgonjwa akilia kwa maumivu, hatumzibi kinywa tukasema amepona.

Asubuhi hatukungoja Jumapili. Tulikwenda nyumbani kwa mzee, tukamwomba amwite dada yake, ambaye binti humpenda, tukaketi wanne. Tulimwonyesha mzee yale maneno manne. Akayasoma mara mbili, akanyamaza. Ndipo binti, akimshika shangazi yake mkono, akaeleza. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kutajwa. Mtu mwenye mali alikuwa amepeleka maneno, naye alijua kwamba masomo yake yangekatizwa, maana alisikia usiku watu wakihesabu mitamba nje ya dirisha. Mzee akasema polepole kwamba hakuna aliyemwambia ya kuwa mtoto anaumia. Binti akajibu, "Baba, hukuniuliza."

Hatutawaambia kwamba mambo yote yalikwisha siku ile. Neno la ng'ombe lilivunjwa, na binti yupo shuleni. Lakini kwa majuma mengi hakumsemesha baba yake ila kwa salamu tu. Mzee akaja kutulalamikia kwamba amemwachia, naye hana shukrani. Tulimkumbusha bibi kizee na sikio lake. Aliyetolewa tumboni mwa zimwi aweza kutoka na hasira, na kazi ya aliyemtoa haijaisha, atafute dawa. Wote wawili wameturuhusu kuandika haya bila kutaja majina.

Kwa hiyo, jibu letu ni kwamba yafaa vijana wazisome hadithi hizi, wala wasiachwe wazisome peke yao. Ninyi walimu wa kipaimara na wainjilisti, msiulize tu kijana anasoma nini. Mwulizeni ni ukurasa gani uliomliza. Asomaye pamoja na mkubwa amwaminiye aweza kuambiwa wazi kwamba baraza lile la mwisho limetungwa na mtu, kwamba mambo halisi ya siku ile yamo mikononi mwa Mungu, na kwamba kujiua hakumfungulii mtu kinywa, bali huwaachia walio hai mzigo ambao hakuna tena wa kuwasaidia kuutua.

Ninyi wazazi, mwaipenda Amri ya Nne, nasi twaifundisha. Lakini kumbukeni kwamba Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri hiyo hakuishia kwa wajibu wa watoto. Aliwageukia wazazi, akawaonya kwamba watadaiwa kwa ajili ya watoto waliopewa. Paulo naye aliwakataza akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mtoto akikuheshimu mpaka akashindwa kukuambia kwamba anaumia, heshima hiyo imekuwa ukuta. Mwulize leo, kisha unyamaze muda wa kutosha ajibu.

Nawe kijana usomaye ukurasa huu, labda umeuchukua mezani kwa baba yako. Ikiwa nawe una neno unaloliweka kwa ajili ya huko, usiliweke. Kama baba hasikii, mwambie mama, au shangazi, au mjomba, au mwalimu, au mchungaji. Na wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili. Twawaambia wakubwa haya yote ili utakapokuja usikute mlango umefungwa.

Kitabu tulimrudishia binti. Maneno yale manne hayakufutwa, lakini alipotuonyesha tena siku za karibuni, tuliona ameongeza mstari mwingine chini yake. Hatukuusoma. Tulimwuliza kama amemwonyesha baba yake, akasema, "Bado." Tukamwambia kwamba bado si kamwe, naye akacheka. Basi tuwaombee, yeye na baba yake, tukiombea na nyumba zetu wenyewe, ili yasemwayo yasemwe tungali hai.