Deni la Aliyeahidiwa Kwanza

Aprili 2024, udongo ukiwa umeshiba maji, sehemu ya Mlima Kawetere juu ya Jiji la Mbeya iliporomoka na tope likashuka hadi Kata ya Itezi. Nyumba zilifukiwa, na shule pia. Tope la mlimani halipiti kama maji ya mafuriko. Linasukuma ukuta, linajaa chumbani hadi usawa wa dirisha, kisha linakauka na kung'ang'ania godoro, sufuria na madaftari ya watoto. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini.

Mbele ya nyumba iliyofukiwa, hakuna anayeuliza kama msaada uende. Ugumu uko kwenye mfuko unakotoka. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme kikundi cha akina mama wa Pawaga, Iringa, kimesajiliwa, kimefungua akaunti na kuandika andiko la mashine ya kukoboa mpunga, kisha kinaambiwa fedha zimeelekezwa kwenye maafa. Watasema poleni kwa waliofikwa, na watamaanisha. Lakini wao nani atawarudishia?

Kwa Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki wa Nyanda za Juu Kusini, jibu la haraka ni Msamaria Mwema. Kuna jambo dogo katika mfano ule ambalo mahubiri mengi hulipita: dinari mbili alizompa mwenye nyumba ya wageni zilikuwa zake mwenyewe, na gharama iliyozidi aliahidi kuja kuilipa. Hakumchangisha msafiri mwingine kwa nguvu.

Mwanateolojia Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba katika dhiki kuu mali huwa ya wote, na anayechukua ili kuokoa uhai haibi. Ni kweli. Ila dhiki kuu ina mwisho. Tope likishazolewa na watu wakishapata pa kulala, kilichochukuliwa kwa maskini mmoja kumwokoa mwingine kinabaki kuwa deni, na Waislamu wangeongeza kuwa ni amana.

Tanzania imewahi kulijibu swali la fedha za maafa ziende kwa nani kwa namna mbili. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, michango ilielekezwa kwenye majengo ya umma, zikiwamo shule, na wananchi wakaambiwa wajijengee nyumba zao. Baada ya maporomoko ya Hanang ya Desemba 3, 2023, waathirika walijengewa nyumba. Shule za Kagera zilihitajika kweli, lakini wengi waliochanga walikuwa wakimwona akilini bibi aliyelala nje. Kubadili nia ya mtoaji bila kumuuliza ni kosa, hata jengo likiwa zuri.

Yusufu, anayesimuliwa katika Biblia na Kurani, aliweka akiba miaka saba kabla ya njaa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 nayo imeweka mfuko wa maafa. Ujazwe wakati wa kiangazi. Na pale madiwani wa Mbeya na Iringa watakapolazimika kuhamisha fedha, waandike kwenye muhtasari jina la kikundi kilichosubirishwa, kiasi, na mwaka wa kukirejeshea, kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, akina mama waisome.