Gobole la Ukutani

Msikilizaji wa Same mjini, wa Kisiwani na wa kule juu Chome! Tembo wa Hifadhi ya Mkomazi wakiingia shambani, wapo wanaokimbilia gobole lililotundikwa ukutani. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inadai leseni, lakini leseni haizuii ajali. Gobole hushindiliwa baruti kupitia mdomoni. Kwa kulitazama tu hujui kama lina kitu. Mwenye uzoefu, akisimama kando ya mdomo, huingiza fimbo ya kushindilia, hutia alama usawa wa mdomo, kisha huitoa na kuipima kwa nje ya mtutu. Isipofika mwisho wa nyuma wa mtutu, limeshindiliwa! Mtoto atayajulia wapi hayo? Tafadhali, mzazi mwenzangu, lishushe leo ukutani, ulifungie. Na baruti ikae kwingine, mbali na jiko.