Nani Atakayewaita Watoto Wetu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, karibuni tulisafiri bara tukafikia Nkoroi, jirani na Ongata Rongai katika Kaunti ya Kajiado, nyumbani kwa ndugu yetu mmoja wa Mombasa aliyehamia huko kwa kazi. Baada ya sala ya Isha alituambia: "Shekhe wetu, nakuomba umkanye binti yangu. Ameacha madrasa, ameingia kwaya ya skuli, na usiku hukesha na mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Glee. Mwambie ni haramu, yaishe." Jawabu tulikuwa nayo ulimini. Lakini mtoto akasema kwa adabu: "Maalim, kadhi huhukumu kabla ya kusikiza?" Tukaona haya. Tukasema tutatazama sehemu ya kwanza, sisi na baba na binti pamoja.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2009 ukamalizika mwaka 2015, na sehemu zake ni 121. Sisi tumeona moja tu, na tuyasemayo ni ya hiyo moja.

Habari yenyewe ni hii. Katika skuli moja ya mji wa Lima, jimbo la Ohio, mwalimu wa Kihispania, Will Schuester, ataka kuifufua kwaya iliyokufa. Mkuu wa skuli amtoza dola 60 kwa mwezi, naye akubali kuzitoa mfukoni mwake. Wanaomjia ni watoto waliodharauliwa: binti ambaye wenzake humrushia usoni kikombe cha barafu ya rangi, mvulana ambaye hutupwa katika pipa la taka, na mwengine aliye katika kiti cha magurudumu.

Tuliyoyachukia hatuyafichi. Wavulana na wasichana huchanganyika na kucheza pasi na stara, na mapenzi yasiyo ya halali huonyeshwa kama jambo la kawaida. Suala la vyombo vya muziki wanazuoni wamelijadili tangu zamani: wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wameharamisha vya nyuzi na filimbi, na Ibn Hazm wa Andalusi akahalalisha. Hatukukusudia kulifungua hapa. Lakini hayo ya kukosa stara hayana mjadala, wala hatumwambii mtu auweke mchezo huo nyumbani kwake.

Liko na jingine, na hilo lilituchoma kwa kuwa ni la mwalimu. Kijana mmoja mcheza mpira ana sauti nzuri, na mwalimu amtaka kwaya. Afanyeje? Amtilia bangi katika kabati lake la skuli, kisha ajifanya ameigundua, amtisha, na kijana aingia kwaya kwa hofu. Tukamwuliza binti: "Waonaje hilo?" Akajibu: "Ni udanganyifu, Maalim, na mimi nalichukia." Tukafurahi. Dini yetu haikubali njia chafu kwa sababu mwisho wake ni mzuri, na Mtume s.a.w. amemtoa katika sisi mwenye kughushi. Mtoto wa madrasa iliyoachwa alilijua hilo bila kuambiwa.

Baadaye wenziwe yule kijana walimfungia mwenye kiti katika kibanda cha choo, wakicheka, wakitaka kukipindua. Yeye akawaacha marafiki zake, akamfungulia akamtoa. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Hujurat kudharauliana, na tulipomwona asiyeisoma sura hiyo akitenda lililomo, tulijiuliza sisi tuisomao tuna hali gani.

Mchezo ulipokwisha tulimwambia binti kwamba kuimba mbele ya mchanganyiko wa watu si jambo tunaloliridhia. Hakubisha. Alisema: "Nimesoma madrasa miaka minne. Ustadhi hakujua jina langu, aliniita wewe wa nyuma, na nilipokosea alinichapa wenzangu wakacheka. Mwalimu wa kwaya alinijua kwa siku moja. Nikitoka kule, Maalim, niende wapi?"

Baba yake aliinama. Nasi hatukuwa na jawabu.

Ndugu zangu, twasoma katika Sunan za Nasai na Ibn Majah habari ya Abu Mahdhura. Mtume s.a.w. alikuwa akirejea kutoka Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, na muadhini wake akaadhini njiani. Vijana wa Makka wakawa wanaiiga adhana kwa mzaha. Mtume akaagiza waletwe, akauliza ni ya nani ile sauti aliyoisikia ikipaa. Wakamwonyesha. Akawaachilia wengine, akambakisha yeye. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimfundisha adhana neno kwa neno, akampa mfuko wenye fedha, akampangusa kwa mkono wake mtukufu, akamwombea baraka. Mwenyewe asimulia kwamba chuki yote iliyokuwa moyoni mwake iligeuka mapenzi, naye akawa muadhini wa Makka.

Tazameni! Kuifanyia mzaha adhana ni kosa kubwa kuliko kuimba kwaya. Na Mtume aliisikia sauti nzuri ndani ya kosa lile, akaipa kazi.

Enyi wazazi, kumkataza mtoto ni nusu ya wajibu, na nusu hiyo ndiyo nyepesi. Enyi walimu wenzetu, Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi asisikie kwake hata neno la kuchoshwa, nasi twashindwa kuwajua watoto kwa majina? Mtu wa mchezo atoa dola 60 kwa ajili ya nyimbo. Sisi twatoa nini kwa ajili ya Qurani?

Darasa letu limeazimia kuanza, inshallah, halaka ya qiraa na tajwidi kwa wasichana, chini ya mwalimu mwanamke, na nyengine ya adhana kwa wavulana. Na sharti la kwanza la mwalimu ni kuwajua wanafunzi wake kwa majina. Binti wa Nkoroi tumempelekea habari. Hajajibu bado, wala hatumlaumu. Tumemkawiza miaka minne.

Mwenyezi Mungu atutengenezee vizazi vyetu. Amin.