Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Nani Anakunywa Kwanza?



Leo nataka kulipa deni. Mwezi wa Rajab niliwaaga kwamba nakwenda Oman na msafara wa ziara ya siku sita, na tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, "Ustadhi, mbona hutusimulii?" Nilikuwa nakwepa. Simulizi yenyewe ina jambo linalonigusa mimi binafsi, na nilihitaji kwanza kulimeza.

Allah katika Qur'an ametuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tuangalie. Kutembea tu hakutoshi, kuna kuangalia. Basi tulitembea. Tulitoka Muscat asubuhi, gari likapenya katikati ya milima ya Hajar, milima mikavu isiyo na hata kichaka cha kumfunika mbuzi. Tukafika Nizwa, mji wa wanazuoni. Tukaenda Bahla, penye ngome kubwa ya udongo iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1987. Tukaingia Jabrin, kasri aliyoijenga Imamu Bil'arab bin Sultan katika karne ya 17. Mwisho tukalala kwenye michanga ya Sharqiyah, mchanga mtupu mpaka macho yanapoishia.

Kiongozi wa msafara wetu alikuwa mzee wa Kiomani anayezungumza Kiswahili cha Unguja, kwa kuwa mama yake alizaliwa huko. Siku ya pili akatuambia: "Wageni wote wanapiga picha ngome. Nyinyi njooni niwaonyeshe kinachoifanya ngome iwepo."

Akatupeleka kwenye falaj.

Kwa asiyejua, falaj ni mfereji wa maji. Watu wa kale walichimba kisima kirefu kwenye miguu ya milima mpaka wakayakuta maji, kisha wakatoboa njia chini ya ardhi, kilomita kwa kilomita, yenye mteremko mdogo sana. Maji yanakuja yenyewe mpaka mjini. Hakuna pampu, hakuna umeme. Wingi wake huitwa aflaj, na mpaka leo kiasi cha 3,000 bado zinatiririka nchini humo. Tano kati yake ziliandikwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na tuliyosimama pembeni yake, Falaj Daris ya Nizwa, ni mojawapo. Hata Imamu Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1698, Waomani wanamkumbuka pia kwa kuchimba na kufufua aflaj.

Maji yale yanagawiwa kwa muda. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu moja ya kawaida, inayoitwa athar, ni kama nusu saa. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, usiku kwa nyota. Zamu yako ikiisha, mlango wa maji unafungwa kwako na unafunguliwa kwa jirani. Tajiri asubiri, maskini asubiri.

Sasa hapa ndipo niliposhikwa. Nikamuuliza yule mzee, "Na asiye na shamba? Mpita njia je?"

Akacheka. Akanionyesha sehemu ya juu, pale maji yanapochomoza tu kutoka ardhini. Akasema, "Hapa hapana zamu. Hapa ni pa kunywa. Mwenyeji, mgeni, mwenye deni, hata asiye na mtende mmoja, anachota bure. Msikiti uko chini ya hapa, kwa ajili ya udhu. Ngome iko chini. Mashamba ndiyo ya mwisho. Mahali hapa panaitwa sharia."

Jamani! Sisi tuliosoma chuoni tunalijua hilo. Katika lugha ya Waarabu, sharia asili yake ni njia inayowapeleka watu kwenye maji. Nimewafundisha watoto maana hiyo ubaoni miaka mingi. Lakini sikuwahi kuiona kwa macho: mwenye kiu mbele, imamu na udhu wake nyuma.

Nikakumbuka bomba letu.

Mnalijua. Bomba la kisima cha msikiti, lile la upande wa barabarani. Mwaka jana gharama ya umeme wa pampu ilipanda, majirani wakawa wanakuja na madumu asubuhi mpaka jioni, kamati ikakaa. Ikapendekezwa litiwe kufuli, lifunguliwe nyakati za swala tu. Wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono nilikuwa mimi. Nikasema maji ni ya udhu. Wiki ileile, baada ya alasiri, mama mmoja alikuja na dumu na mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Mama, rudi magharibi." Akasema, "Haya, sheikh," akaondoka. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji. Na katika hadithi sahihi ametutahadharisha na mtu aliyezuia maji yaliyomzidi: Siku ya Kiyama Allah atamzuilia fadhila Zake kama alivyozuia kitu ambacho mikono yake haikukiumba. Sisi kisima tumechimba, ndiyo. Maji tumeyaumba? Aya ya mwisho ya Suratul Mulk, ambayo wengi wetu tunaisoma kila usiku, inatuuliza: maji yakizama ardhini, nani atatuletea mengine?

Naijua hoja ya mhasibu wetu, na ni ya kweli. Umeme haulipwi kwa dua. Lakini Waomani nao falaj haijisafishi. Wanachofanya ni kutenga baadhi ya zamu, wanazikodisha kwa mnada, na fedha inalipia matengenezo. Zamu nyingine ni wakfu wa misikiti na madrasa. Gharama wanaibeba wenye mashamba, na mwenye kiu hadaiwi kitu. Sisi tulimpelekea bili mama mwenye dumu.

Jana baada ya tarawehe nimeiomba kamati radhi na nimewaomba tuliondoe kufuli. Wamekubali tujaribu mpaka Idi. Baada ya hapo itategemea sisi.

Kazi ya leo: kila nyumba ijiandikishe kwa katibu "zamu ya maji", yaani siku moja ya umeme wa pampu, kwa kadiri ya uwezo wako. Ukitaka, nuia kwa ajili ya mzazi wako aliyetangulia. Sa'd bin Ubada (r.a.) alipouliza sadaka gani ni bora kwa mama yake aliyefariki, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwenye maji. Mimi nimeanza na siku tatu. Na yule mama, anayemjua anifikishie salamu na anisaidie kumwomba msamaha.

Jioni ya leo, adhana ikilia na ukashika gilasi, kabla hujanywa jiulize: nani mtaani kwangu bado anasubiri zamu?

Ewe Mola, tusamehe tulipofunga ulipofungua. Usituzuilie fadhila Zako siku tutakayokuwa na kiu kubwa kuliko hii. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.