Anzeni Pale Mlipogusa Mwisho

Wanangu mnaoshika spana Chanika, Mkata, Manundu na Mombo, nina neno nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa magari unaowamaliza wateja fedha bila sababu. Gari linaletwa gereji kwa sababu linachemsha. Linabadilishwa wota pampu, rejeta au mpira, linajazwa maji, linaondoka. Kesho yake linarudi. Halichemshi tena, lakini injini inamisi, sailensa inapanda na kushuka, na kilima cha kwanza tu gari halivuti. Hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Mnaagiza plagi mpya. Zisiposaidia mnaagiza koili, kisha nozeli, na mwisho mwenye gari anaambiwa injini imechoka, akatafute nyingine Dar es Salaam.

Injini iliyoingia ikiunguruma vizuri haichoki kwa usiku mmoja. Kama haikuwa inamisi kabla ya matengenezo, karibu kila mara ugonjwa umetokana na mkono wa fundi au na kule kuchemka kwenyewe. Mkono ukaguliwe kwanza, kwa sababu kuukagua hakugharimu hata senti.

Jiulize ulifungua nini ili uifikie pampu. Kuna bomba la hewa lililosogezwa, soketi ya sensa iliyochomolewa, mipira myembamba ya hewa ambayo kwa uzee imekauka na hupasuka ikikunjwa kidogo tu. Hewa inayoingia kupitia ufa wa namna hiyo haijahesabiwa na kompyuta, na injini lazima itetemeke. Maji nayo yalimwagika wapi? Yakiingia kwenye mashimo ya plagi, moto wa koili unapotea pembeni. Kausha kwa upepo wa kompresa, washa tena, sikiliza.

Noah za zamani zenye injini ya 3S zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa wota pampu yake inazungushwa na mkanda wa taimingi. Huwezi kubadilisha pampu bila kuuvua mkanda huo, na ukiurudisha umeruka jino moja, gari litawaka, litatembea, ila nguvu zitapungua na sailensa haitakaa sawa. Nimewahi kuona Noah ya namna hiyo ikifungwa plagi na koili mpya, na hakuna aliyefungua kava kutazama alama. Alama zilipolinganishwa, ugonjwa ukaisha siku hiyohiyo, na vifaa vyote vilivyonunuliwa vilikuwa havihitajiki. IST yenye injini ya 1NZ ni tofauti: ina cheni, na pampu yake inazungushwa na mkanda wa nje. Kwa hiyo ijue injini iliyo mbele yako kabla ya kuihukumu.

Hewa iliyobaki ndani ya maji nayo ni msumbufu mkubwa. Toyota na Honda nyingi za zamani hupitisha maji ya moto karibu na mlango wa hewa ya injini ili kurekebisha sailensa. Mahali hapo pakishika hewa badala ya maji, sailensa hupanda na kushuka bila kukoma. Sensa ya joto nayo ikikaa kwenye hewa huipa kompyuta habari za uongo, petroli inamwagwa kupita kiasi na plagi zinakuwa nyeusi. Jaza maji polepole injini ikiwa baridi, hita ikiwa imefunguliwa, na uache mfuniko wazi mpaka mapovu yaishe.

Sasa thamostati, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kuna mazoea ya kuing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Thamostati nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na joto la mchana la Korogwe halifiki nusu ya hilo. Bila thamostati injini inatembea baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli, na petroli inateremka hadi kwenye oili na kuilegeza. Tena thamostati nyingi za Toyota zina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na ukipandisha kutoka Mombo kwenda Soni gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Ukiitilia shaka, ichemshe kwenye sufuria na kipimajoto uone kama inafunguka. Ikiwa mbovu, nunua nyingine.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye jambo zito, yaani gasketi ya hedi. Gari lililochemka mpaka likazimika lenyewe lishukiwe hata kama rejeta ni mpya. Litazame asubuhi kabla halijawashwa. Usiku maji huchuruzika ndani ya silinda, kwa hiyo likiwashwa linatetemeka kwa muda na kutoa moshi mweupe, kisha linatulia na kumdanganya fundi aliyechelewa kuja kazini. Toa plagi zote uzipange. Ile iliyosafika kuliko wenzake imeoshwa na mvuke. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, washa, tazama mapovu. Hewa iliyobaki hutoka ikaisha, lakini gesi ya silinda haiishi. Pima komprisheni, silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote, gasketi imeungua katikati yake. Na hedi ikishavuliwa iwekewe rula, maana kwenye injini nyingi za petroli za Toyota upindaji unaoruhusiwa ni milimita 0.05 tu, na jicho halioni kitu hicho.

Mashine ya kupima itumieni, ila fahamuni mipaka yake. Msimbo P0302 unasema silinda ya pili inamisi. Hausemi kama ni koili, ufa wa mpira au maji.

Kwa Handeni niongeze suala la maji. Wilaya hiyo imezoea shida ya maji, kiasi kwamba mradi wa HTM, yaani bomba kuu la maji la Handeni, huyavuta kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na dereva aliyekwama hujaza maji ya lambo aliyoyapata. Simlaumu. Lakini gari likifika kwako, mwaga tope lote, safisha, weka kolanti. Unga wa kuziba na mayai visiingie kabisa, kwa kuwa vinaziba hadi vijia vya hita. Na maji ya baridi msiyamwage kwenye injini inayochemka, hedi inapasuka.

Mteja akija jioni na gari lenye dalili za gasketi, akitaka kuwahi Lushoto usiku, mwambieni wazi kwamba halifai kupanda mlima. Maji hayakubali kubanwa, na silinda ikijaa maji konrodi inapinda. Akishikilia kuondoka, mwandikieni kwenye risiti yote mliyoyaona, na asaini kabla hajapewa ufunguo.