Kijani cha Kuonekana

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeishi Isiolo miaka ya kutosha kujua kwamba waliosema hivyo hawakuwahi kuuza maziwa kando ya barabara kuu ya kwenda Moyale. Hapa chema kisipojitembeza kinakuchachia mkononi, na jirani aliyepiga kelele anaenda nyumbani na mitungi mitupu.

Siku hizi kelele zenyewe ni za simu. Vijana wanaofundisha biashara ndogo wanasema jambo moja: fanya kitu cha kulinda mazingira, kipige picha, kiweke mtandaoni, watu watakuja. Na kweli wanakuja. Mtu aliye Nairobi anayetaka kununua kwa dhamira safi atapita picha ishirini za maziwa, asimame kwenye ile yenye jani la kijani pembeni. Sina ugomvi na hilo. Swali linalonisumbua ni la zamani kuliko simu: jema linalofanywa ili lionekane, bado ni jema?

Waislamu wa mji huu wana neno lake, riya, na hawalitaji kwa mzaha. Wakristo nao wameonywa kuhusu sadaka ya kupigiwa tarumbeta. Lakini biashara si sala, na laga haliulizi nia. Chupa ambayo haikutupwa haitateremka na maji mvua ikinyesha, iwe aliyejizuia kuitupa alimwogopa Mungu, aliiogopa serikali au aliogopa bei. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, sote tulirudi kwenye vikapu ndani ya wiki moja. Hatukuwa tumeokoka. Tuliogopa tu. Miti ya migunga iliyokuwa imevaa mifuko kama maua ilianza kupumua hata hivyo.

Kwa hiyo ningeweza kuishia hapo na kusema nia haina maana, la muhimu ni matokeo. Siwezi, kwa sababu ya jirani yangu.

Yeye huuza maziwa ya ngamia. Biashara hii Isiolo ni ya akina mama, na ni kubwa kuliko inavyoonekana: maziwa hutoka kwenye maboma ya mbali, pande za Kulamawe na kwingineko, yanafika mjini, yanapoozwa, kisha yanapanda basi kwenda Eastleigh. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua ilipofeli misimu mitano mfululizo, ng'ombe walikufa wakabaki ngamia, na nyumba nyingi zilishikiliwa na biashara hiyo. Jirani yangu si wa basi. Yeye huuza rejareja, nusu lita, lita moja, na zamani alinunua chupa mpya za plastiki kila wiki. Chupa zikapanda bei. Akaanza kuwaambia wateja, "Leta chombo chako, nikupunguzie." Ndiyo hivyo tu. Hakuna semina aliyohudhuria.

Binti yake, aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, aliona fursa. Akamwazima nyanya yake kile chombo cha kusukwa kwa nyuzi za mimea, kile cha zamani kinachofukizwa kwa moshi wa mti kabla ya kutiwa maziwa, akakiweka juu ya kitambaa chekundu, jua la jioni nyuma yake, akaandika: maziwa yasiyogusa plastiki, kama ya mababu. Picha ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mimi mwenyewe niliisambaza.

Wiki hiyo hiyo gari lilisimama. Jamaa wawili wakielekea Samburu kuona wanyama, wakauliza maziwa ya kwenye kile chombo. Mama akawaonyesha jerikeni ya manjano, ile iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia, akawaambia bila haya, "Hicho ni cha mama yangu. Maziwa yako humu." Walitazamana. Kisha wakanunua lita moja, wakaomba wapelekwe wakakipige picha chombo cha nyanya.

Binti alicheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka. "Kwani watu wanakunywa picha?" aliniuliza. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa: kwamba miaka yote hajamdanganya mteja hata tone la maji, na leo amesimama mbele ya wageni kama mwizi aliyefumaniwa, kwa kosa la picha.

Mwaka 1986 Mmarekani aitwaye Jay Westerveld aliandika kuhusu hoteli zinazowaomba wageni watumie taulo zaidi ya mara moja ili kuokoa mazingira. Kwake ule ulikuwa ujanja wa kupunguza gharama ya kufua, uliovikwa nguo ya wema, na kutokana na maandishi yake dunia ikapata jina la tabia ya kujipaka rangi ya kijani. Nikafikiri: lakini si ndivyo alivyofanya jirani yangu? Yeye pia alikuwa anapunguza gharama. Kwa nini hoteli ni laghai na yeye si laghai?

Jibu langu, baada ya kulizungusha siku kadhaa, ni kwamba yeye alitaja bei. "Chupa ni ghali, leta yako" ni sentensi yenye nia yake ndani, imekaa wazi kama mzigo kwenye mkokoteni. Hoteli ilificha nusu inayoihusu, ikaonyesha nusu inayoihusu bahari. Picha ya binti ilifanya vivyo hivyo: ikaondoa jerikeni, ikaondoa bei ya chupa, ikabaki na nyanya na jua. Kutafuta macho ya watu si dhambi. Shida inaanza pale unapokata sehemu ya ukweli isiyopendeza kwenye kioo cha simu.

Na nia, ambayo nilitaka kuitupa pale juu, inarudi kwa mlango wa nyuma. Mama aliyeacha chupa kwa sababu ya bei ataendelea kuziacha madhali ni ghali. Hilo naweza kulitegemea. Anayeziacha kwa ajili ya picha ataziacha hadi picha ipigwe.

Wapo watakaosema basi bora kunyamaza, mtenda wema aende zake. Hapa Isiolo tumeona gharama ya kunyamaza. Tangu 2013 ardhi ya malisho ya kaskazini, pamoja na sehemu za kaunti yetu, imekuwa ndani ya mradi wa kaboni wa Northern Rangelands Trust: wafugaji wabadilishe namna ya kulisha, udongo uhifadhi kaboni, na kampuni za mbali zinunue hesabu hiyo ili zijiite safi. Netflix na Meta ni miongoni mwa walionunua. Mwaka 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti kali dhidi ya mradi huo, na Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili, ikiwemo ya Biliqo Bulesa, zilianzishwa kinyume cha sheria. Mabishano hayajaisha, na mradi una watetezi wake. Lakini angalia nani alikuwa akisimulia. Malisho yetu yalikuwa kijani kwenye ripoti za kampuni za ng'ambo wakati mwenye ngamia hajawahi kuulizwa aeleze kwa maneno yake. Akina mama wa maziwa wakikataa kusema kwa sababu ya haya, neno hili halitabaki tupu. Litasemwa na mwenye pesa za tangazo.

Kwa hiyo nilimwambia binti asiifute biashara ya mtandaoni, abadilishe picha. Aweke jerikeni. Aandike kwamba rejareja hawatumii tena chupa mpya kwa sababu chupa ni ghali na zinajaa kwenye laga, na kwamba maziwa bado hutoka malishoni kwa plastiki kwa kuwa mikebe ya alumini ni mizito kwa bodaboda na bei yake bado haijapatikana. "Anko," akasema, "nani atasimamisha gari kwa ajili ya jerikeni?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Huenda watakuja wachache kuliko wale wa jua la jioni, na ada ya mdogo wake inalipwa na maziwa hayo hayo.

Mama yeye alikuwa kimya akifukiza jerikeni, moshi ukimwingia machoni. Kisha akauliza kuni hizo zinazokatwa porini kila wiki kwa ajili ya huo moshi, nazo ziandikwe?

"Ziandike," nilisema.

Binti akaniangalia, akasema haitaenea.